Mnamuonea dogo wa Isongole: hivi Ijumaa saa sita usiku ni lini?

Wadau, wiki hii hatuna staa aliyeachwa wala aliyerudiana. Tuna dogo mmoja wa Isongole, jina kapuni, ambaye tangu Jumapili anatukanwa na watu wazima kwenye komenti kwa sababu ya ratiba ya TV. Mimi naona anaonewa, na leo nasema kwa nini.

Kwa wasiopajua, Isongole ni ile kata ya wilaya ya Rungwe unayoipita ukitoka Mbeya kwenda Tukuyu. Kuna baridi, viazi na ukungu. Dogo anaishi huko na kakompyuta kake kachakavu, na ameandika skripti inayokusanya ratiba za vituo vya TV na kuzituma kila asubuhi kwenye makundi ya WhatsApp. Mpira, tamthilia, muziki, taarifa ya habari, vyote kwa saa zetu za Kiswahili. Hachukui hata mia ya mtu. Wengi mnaomtukana mmeitumia ratiba yake miezi na miezi bila hata kusema asante.

Sasa kisa chenyewe. Kuna dada mmoja wa Bongo Fleva, mkubwa tu, nisipomtaja mshamjua, alitangaza kipindi chake kipya cha TV. Sehemu ya kwanza, akasema, ni "Ijumaa saa sita usiku". Skripti ya dogo ikachukua ratiba ya kituo, ikaandika hivi: "Jumamosi, saa 6:00 usiku." Watu wakakaa macho Jumamosi usiku. Wakakuta marudio ya mechi. Kipindi kilikuwa kimeshapita saa 24 kabla, na waliokiona Ijumaa walikuwa wameshamaliza kukichambua.

Pale Isongole kuna mzee mwenye kibanda umiza aliyekuwa ameshakusanya buku buku za watu na kununua petroli ya jenereta, maana umeme siku hiyo ulikuwa haueleweki. Hela za watu akarudisha. Petroli ikawa imeshaungua. Dada naye, badala ya kusema poleni mashabiki wangu, akapachika skrinshoti ya ratiba kwenye stori zake na vikatuni vya kucheka: kumbe mkoani Ijumaa inachelewa kufika! Basi, kundi lake lote likamshukia dogo. Kilaza, mshamba, hajui kuhesabu siku.

Tulieni tuhesabu pamoja. Dada aliposema Ijumaa saa sita usiku alimaanisha usiku ule wa Ijumaa, watu wametoka kazini, wamekula, wameoga, saa sita ikafika. Kompyuta ya kituo inajua saa sita usiku ni 00:00, na kwake 00:00 ni mwanzo wa siku mpya, hivyo ikaandika Jumamosi 00:00. Dogo akageuza 00:00 kuwa saa sita usiku, Jumamosi akaiacha Jumamosi kama alivyoikuta. Shabiki akasoma "Jumamosi, saa sita usiku", akasubiri usiku wa Jumamosi kama mtu yeyote mwenye akili zake. Kila mmoja hapo yuko sahihi, na bado kipindi kimewapita.

Mimi kodi siandiki, mimi najua nani yuko na nani. Lakini nilimpigia dogo tukaongea karibu saa nzima, na nilichogundua ni kwamba huyu mnayemwita kilaza ameshapambana na tarehe na saa kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Mwanzoni kabisa taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa inatokea kwenye ratiba yake saa tano usiku. Mnaelewa uzito wa hilo? Saa mbili usiku ni taarifa ya habari, hata mtoto wa chekechea anajua, ndiyo saa ya ukutani ya nchi hii. Akaanza kuchimba. Kumbe ratiba nyingi za TV husafirishwa kwenye faili la mtindo unaoitwa XMLTV, ambamo muda wa kipindi unaandikwa kwa tarakimu zilizoshikana: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Halafu mwishoni inatakiwa iandikwe tofauti na saa ya dunia, ile UTC. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo panatakiwa +0300. Asiyeandika chochote, kanuni inasema muda wake usomwe kama UTC. Chanzo kimoja alichokuwa anakitegemea kilikuwa hakiandiki. Skripti ikatii kanuni, ikaongeza saa tatu juu ya saa ambayo ilikuwa tayari ya Tanzania. Dogo anasema alijua mapema kosa liko wapi, kwa sababu vipindi vyote vilichelewa kwa saa tatu kamili, si dakika pungufu. Kosa la kiwango kimoja kwa kila kitu halitoki kwenye kipindi, linatoka kwenye kanda ya saa.

Hilo likaisha, likaja la kugeuza saa kuwa za Kiswahili. Wote tunajua, toa sita. Lakini saa 20 toa sita ni 14, na ratiba ikaandika "saa 14 usiku". Akaiambia kompyuta igawe kwa 12 ichukue baki. Mambo yakakaa sawa mpaka kipindi cha dini cha alfajiri kikatoka kimeandikwa "saa -1". Tano toa sita ni hasi moja, na ukimwambia JavaScript achukue baki ya hasi moja kwa 12, anakurudishia hasi moja ileile. Python angekupa 11, ambayo ndiyo saa kumi na moja alfajiri. Dogo alikuwa ameonja kodi hiyo kwenye Python, ikampa jibu sahihi, akaihamishia kwenye JavaScript bila wasiwasi. Dawa yake ni ya darasa la nne: badala ya kutoa sita, jumlisha sita, halafu chukua baki, na ukipata sifuri andika 12. Jaribu mwenyewe na saa yoyote, haikuangushi.

Kuna na vichekesho vidogo. Kipindi kisipokuwa na tarehe, ratiba ilikuwa inasema kinaanza tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Ni kwa sababu kompyuta nyingi huhesabu muda kuanzia usiku wa manane wa tarehe hiyo kwa UTC, na kwetu muda huo ni saa tisa usiku. Mwaka 1970 Tanzania Bara haikuwa na TV ya kuwekea ratiba, tumeipata miaka ya 1990! Pia kuna dada mmoja anaishi Houston akawa analalamika kwamba ratiba yake daima ni ya jana. Dogo akaangalia kwenye simu yake, safi. Akawauliza wenzake Tukuyu, safi. Kumbe tarehe iliyoandikwa peke yake bila saa, JavaScript huisoma kuwa saa sita usiku ya UTC. Isongole muda huo ni saa tisa usiku ya tarehe ileile, huoni kitu. Houston bado ni jana jioni. Kosa la namna hiyo unaweza kukaa nalo miaka kumi Rungwe usilione kamwe.

Na mpira? Hapa ndipo vibanda umiza vinapokufa na kupona. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza ya saa tisa alasiri kwao, majira ya baridi tunaiona saa kumi na mbili jioni. Inafika Jumapili ya mwisho ya Machi, Waingereza wanasogeza saa zao mbele, sisi hatusogezi kitu, mechi ileile inakuwa saa kumi na moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha. Ratiba iliyoandikwa "ongeza tatu" inafanya kazi vizuri baridi yote, halafu mwanzoni mwa Aprili inakupeleka kibandani kipindi cha kwanza kimeshakwisha. Wamarekani wao wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi, wanarudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambazo hata Ulaya na Marekani hawaelewani wenyewe kwa wenyewe. Na huku kwetu, ukishuka Tukuyu ukaenda Kyela mpaka Kasumulu, ukivuka tu Malawi saa inarudi nyuma moja. Dogo aliwahi kuchukua ratiba ya mechi kwenye ukurasa wa Wamalawi. Mnaweza kukisia.

Yote hayo aliyarekebisha kimyakimya na hakuna aliyempongeza. Lililompata safari hii ni la aina nyingine, na ndilo ninalotaka tulijadili kwa utulivu.

Siku inabadilika lini? Kwa kompyuta ni saa sita usiku, mjadala umefungwa. Lakini nitajie mtu mmoja mtaani kwenu ambaye siku yake inabadilika saa sita usiku. Uko kwenye harusi Jumamosi, saa nane usiku unampigia bodaboda, utamwambia leo ni Jumapili? Kwa wengi wetu Bara siku inabadilika tukiamka. Ndiyo maana saa zetu zinaanza kuhesabiwa alfajiri, moja ikiwa ni saa baada ya jua kutoka. Pwani na Zanzibar kuna wengi ambao siku yao inaanza jua likizama. Ukimwambia mzee wa huko "usiku wa Ijumaa" atafikiria Alhamisi baada ya magharibi, na mwezi wa Ramadhani ukiandama jioni hii, usiku huu huu ni wa Ramadhani. Kwa hiyo maneno "Ijumaa saa sita usiku" yana nyusiku tatu ndani yake, kutegemea nani anasoma: Alhamisi kuingia Ijumaa kwa mzee wa Pwani, hiyohiyo kwa kompyuta, na Ijumaa kuingia Jumamosi kwa dada yetu. Haya, sahihisheni hesabu yangu, ni mbili na si tatu. Lakini ona nani kakubaliana na nani! Kompyuta na mzee wa Pwani upande mmoja, staa wa mjini na mama muuza viazi wa Isongole upande wa pili.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kilishalimaliza hili kabla kompyuta haijaletwa. Tuna neno "kuamkia". Polisi wanalitumia kila siku, tukio limetokea usiku wa kuamkia jana. Magazeti yanalitumia, bibi yako analitumia. Ukisema usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, hakuna mtu kuanzia Kyela mpaka Pemba atakayekosea usiku. Mastaa wetu na watu wa vituo ndio hawataki kulisema, wanaona refu, wanaona la kizamani, halinogi kwenye bango.

Mnakumbuka Kombe la Dunia la Brazil? Tarehe 14 Juni 2014, Jumamosi, Ivory Coast walicheza na Japan mjini Recife saa nne usiku ya kule. Kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri, tarehe ikiwa imeshakuwa 15, Jumapili. Japan wakatangulia, Drogba akaingia kipindi cha pili, na dakika chache baadaye Bony na Gervinho wakaweka mbili. Mechi tamu kabisa. Ukimwandikia mtu "Jumapili, saa kumi alfajiri" ana nusu uwezekano wa kulala mpaka Jumapili usiku akisubiri alfajiri yake, halafu anaambiwa mechi ilichezwa juzi. Ukimwandikia "Jumamosi kuamkia Jumapili" anaweka alamu.

Na hapa dogo alinichekesha. Wakati anahangaika na hili la kuamkia, aligundua kwamba ukitoa saa sita kwenye muda wa kipindi kabla ya kuuliza jina la siku, unapata jina analolisema mtu wa mtaani. Jumamosi 00:00 toa saa sita ni Ijumaa 18:00. Basi, jina ni Ijumaa, na hiyo 18 ukiipunguza 12 unapata sita, saa sita! Ile sita ya kugeuza saa inageuza na siku kwa mpigo mmoja. Maana yake saa ya Kiswahili ni kama kanda ya saa iliyo nyuma ya UTC kwa saa tatu, na ukitafuta kwenye ramani nani anaishi kwenye kanda hiyo, ni Recife. Rudi kwenye ile mechi. Kule saa ilisema kumi usiku, Jumamosi, kwa namba zao. Sisi tulisema saa kumi, usiku wa Jumamosi. Namba ileile, siku ileile, na bahari nzima katikati. Mshkaji angeweza kuidanganya skripti yake kwamba iko Brazil ikatoa saa za bibi yake bila kubadilisha kitu kingine. Kwa akili zake timamu hajafanya hivyo. Anahifadhi muda kwa UTC, na hii ya kutoa sita anaitumia mwishoni tu, wakati wa kuandika maneno ya kusomwa na mtu.

Mtu huyo ndiye mnamwita hajui kuhesabu siku.

Najua kuna watakaosema tuachane na haya, tuandike saa 24 kama wenzetu, Jumamosi 00:00, anayetaka aelewe. Nimewasoma. Kwanza waliomzoea dogo wamemzoea kwa sababu anaandika saa zao, wakitaka 00:00 wangeenda kuzisoma kwenye king'amuzi. Pili hata wasomi wa saa 24 wanapigwa na 00:00 ileile. Mwulize yeyote anayekata tiketi za ndege kuhusu abiria mwenye safari ya Jumamosi 00:30 anayetokea uwanjani Jumamosi usiku na mabegi yake yote, ndege ilishaondoka usiku uliopita. Huyo ana digrii na pasipoti.

Dogo naye nilimwambia moja, kwa upendo. Skripti yako uliionja kwa macho ya kompyuta: muda umeingia, muda umetoka, namba zinalingana. Hukumpa mama yako aisome halafu umuulize, mama, hiki kipindi utakaa macho usiku gani? Swali hilo moja lingeokoa petroli ya yule mzee. Akacheka, akasema mama yake akishamaliza kula hata hakai macho usiku wowote.

Tangu juzi ratiba yake imebadilika. Kila kipindi cha kuanzia saa sita usiku mpaka kabla ya saa kumi na mbili alfajiri kinaandikwa siku zote mbili: usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa 6:00. Mstari umekuwa mrefu, kwenye simu ndogo unakatika mara mbili. Mzee wa kibanda ameukata kwenye karatasi akaubandika mlangoni.

Dada yetu hajafuta ile stori, na kuhusu petroli hajasema lolote, ingawa ni hela anayoitumia kwa kucha za mkono mmoja. Angeilipa tu, yaishe. Jana usiku timu yake imetangaza marudio kwa wale waliokosa sehemu ya kwanza. Nimenakili kama lilivyo kwenye bango: "Jumapili hii, saa saba usiku, usikose!"

Haya wadau, tukae macho usiku upi? Ukijibu taja na mkoa wako.